Chupa Ilipasuka Saa Mbili

Mwanafunzi wa kisa hiki hana jina, na kituo cha afya alikopangiwa mafunzo kwa vitendo hakina jina pia, kwa sababu kisa chenyewe nimekitunga ili kifundishe. Ila barabara inayotoka Nkwenda kuelekea Murongo, wilayani Kyerwa mkoani Kagera, kwenye mpaka wa Uganda, ipo. Migomba iliyochanganywa na mibuni pande zote mbili ipo. Na kosa lililotendeka linaweza kutendeka leo mahali popote ambapo mgonjwa anajieleza kwa Kiswahili na karatasi inajazwa kwa Kiingereza.

Alikuwa kijana wa mwaka wa pili wa uuguzi na ukunga, mwepesi wa kushika. Mifupa ya nyonga aliitaja kwa Kilatini bila kugugumia, na walimu wake walimpenda kwa hilo. Siku hiyo, saa saba mchana, bodaboda iliingia uani ikiwa imebeba watu watatu: dereva, mama mjamzito katikati, na mama mkwe wake nyuma akiwa amemkumbatia asianguke. Ilikuwa mimba ya tatu. Mjamzito mwenyewe uchungu ulikuwa umemkata kauli, hivyo maelezo yote yalitoka kwa yule bibi, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kinyambo, lugha ya huko.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea huyu."

"Uchungu umemwanza lini?"

"Uchungu ni wa leo asubuhi. Lakini chupa ilipasuka jana, saa mbili usiku. Redio ndiyo kwanza inaanza kusoma habari, nikamwambia baba yao apunguze sauti."

"Maji yalikuwa na rangi?"

"Maji tu, mwanangu. Meupe."

Bibi alikuwa amemaliza kazi yake, tena kwa ufasaha. Alitaja tukio, siku, saa na kipindi cha siku, akaongeza na shahidi: taarifa ya habari ya saa mbili usiku, ambayo nchi hii imekuwa ikiitumia kupimia jioni zake tangu enzi za Redio Tanzania. Kijana akachukua kipande cha karatasi akaandika: "chupa, 2 usk." Kisha akaitwa kumshika mtoto aliyekuwa akichomwa chanjo, akatumwa stoo kuleta glavu, akarudi kumpima mwingine presha.

Alipoketi kujaza patografu, karatasi ya kufuatilia uchungu wa uzazi, saa nzima ilikuwa imepita. Juu kabisa ya karatasi ile, pembeni mwa jina na idadi ya mimba, kuna nafasi ya kuandika ni saa ngapi zimepita tangu chupa ipasuke. Fomu ni ya Kiingereza, na kichwa cha kijana nacho kilikuwa kimeshahamia huko. Akatazama kipande chake. Mbili, usiku. Kwa saa ya Kiingereza, mbili ya usiku ni ile ya baada ya usiku wa manane, wakati hata mbwa wamelala. Toka mbili hadi kumi na tatu, ambayo ndiyo saa saba mchana kwa hesabu ya fomu, ni kumi na moja. Akaandika 11, mwandiko mzuri, akapiga mstari chini yake.

Zilikuwa 17.

Tofauti ya saa sita ingeweza kupita bila madhara mahali pengine. Hapa haikupita, kwa kuwa kwenye uzazi kuna mpaka unaojulikana: chupa ikishapasuka na saa 18 zikapita mtoto hajazaliwa, mama hupewa antibayotiki, maana mlango uliokuwa unamkinga mtoto na vijidudu umekaa wazi kupita kiasi. Yule mama alikuwa amebakiza saa moja tu kuufikia mpaka huo alipoteremka kwenye bodaboda. Karatasi ilisema amebakiza saba. Mkunga wa zamu ya jioni, mtu mzoefu aliyezalisha wengi, aliipokea ripoti, akaiona 11, akaendelea na mengine. Angeanzia wapi kuitilia shaka? Nambari haikubeba tena usiku wala redio wala bibi. Mtoto alizaliwa saa kumi na moja jioni, akalia vizuri. Kwenye karatasi chupa ilikuwa imepasuka kwa saa 15. Kwenye mwili wa mama zilikuwa 21.

Kesho yake mchana mtoto akakataa ziwa. Jioni akawa anahema harakaharaka, mwili wa moto. Akapewa rufaa, gari la wagonjwa likatafutwa, na wakati huo bibi akarudia maelezo yaleyale mbele ya daktari wa hospitali, taarifa ya habari ikiwemo. Daktari akaitazama fomu, akamtazama bibi, akaomba kalamu. Mtoto alipona, baada ya sindano nyingi. Kwa sera, matibabu ya mtoto wa chini ya miaka mitano hayalipiwi kwenye vituo vya serikali, lakini nauli hulipiwa, na chakula cha anayeuguza hulipiwa. Baba yake aliuza kahawa ingali mtini, ile biashara wanayoiita butura, ambayo serikali inaikataza kila msimu na ambayo kila msimu kuna baba anayeihitaji.

Sasa tuitazame hiyo karatasi, kwa sababu wanafunzi wengi huiogopa pasipo kujua inatokea wapi. Patografu kwa umbo tunalolijua ilichorwa kusini mwa Afrika, katika Rhodesia ya wakati huo, na madaktari Philpott na Castle, waliochapisha kazi yao mwaka 1972. Walikuwa na tatizo ambalo mkunga wa Kyerwa analijua vizuri: mkunga yuko peke yake kwenye zahanati, hospitali iko mbali, na hana hakika ni wakati gani aseme kwamba huyu sasa aondoke. Wakamchorea mistari miwili, mmoja wa tahadhari na mwingine wa kuchukua hatua, wa pili ukiwa saa nne mbele ya wa kwanza. Shirika la Afya Duniani liliipitisha itumike kote mwaka 1994, na mwaka 2020 likatoa mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu, utakaorithi nafasi yake. Mapigo ya moyo wa mtoto, njia kufunguka, kichwa kushuka, dawa, mkojo: kila kitu humo kinasimama juu ya mstari wa saa. Ukikosea saa, umechora ramani nzuri ya safari ya mtu mwingine.

Na saa tunazo mbili. Kiswahili huhesabu kuanzia mapambazuko na machweo. Kinyambo, Kihaya na Kiganda vivyo hivyo, na Waethiopia nao kwa Kiamhari. Fomu za hospitali huhesabu kuanzia usiku wa manane hadi 24. Mtanzania huvuka kutoka hesabu moja kwenda nyingine mara nyingi kwa siku bila kujikwaa, ndiyo maana hakuna mtu anayemfundisha. Mzungu anayekuja kujitolea wilaya jirani ya Karagwe hufundishwa jambo hili siku yake ya kwanza kwa kuwa halijui. Mwanafunzi wetu hafundishwi kwa kuwa analijua. Matokeo yake, mgeni hushtuka kila anaposikia "saa mbili" akauliza tena, na mwenyeji haulizi.

Ningekuwa natunga orodha ya msamiati wa lazima kwa anayeingia fani za afya, ningeanza na hapa. Sina ugomvi na Kilatini. Lakini mwanafunzi akisahau jina la mfupa atalikuta kitabuni. Saa aliyoisema bibi mlangoni haimo kitabuni, na bibi ataondoka na bodaboda ileile.

Kwa hiyo iandikwe papo hapo, ikiwa imeshageuzwa, mbele ya aliyeisema: 20:00, na tarehe ya jana kando yake. Kisha irudishwe kwake kwa maneno yake mwenyewe: "Yaani tangu taarifa ya habari ya jana hadi sasa hivi?" Akiitikia, umepata. Asiyekuwa na redio wala simu ana saa nyingine: ng'ombe kurudi zizini, watoto kwenda shule, kengele ya kanisa, jogoo wa kwanza na jogoo wa pili. Hizo zisidharauliwe. Mara nyingi ni sahihi kuliko saa ya ukutani ya kituo, ambayo betri yake iliisha zamani na hakuna aliyeibadilisha.

Siku nazo zina mtego wake. Kwa wazee wengi siku huanza jua likizama, ndipo tukapata "usiku wa kuamkia Jumamosi". Mtu akikuambia "usiku wa Jumamosi", kuna wanaomaanisha ule uliotangulia mchana wa Jumamosi na wapo wanaomaanisha ule ulioufuata. Saa 24 nzima zinaweza kupotea humo. Swali la kuokoa ni fupi: kulipokucha ilikuwa siku ya soko, au ya ibada?

Halafu kuna "juzi". Katika masomo ya lugha, juzi ni siku iliyotangulia jana. Mitaani, juzi ni wakati wowote ambao haujawa mbali: wiki iliyopita, mwezi uliopita, hata mwaka jana kama msemaji ana umri mkubwa. Mkoa wa Kagera umekwisha kuona siku ambazo neno kama hilo lina uzito wa maisha. Tarehe 21 Machi 2023 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu huko Bukoba ni Marburg. Mpaka mlipuko ulipotangazwa kumalizika, tarehe 2 Juni, wagonjwa 9 walikuwa wamehesabiwa na 6 kati yao wamekufa. Wahudumu wa afya walikuwamo katika walioambukizwa. Tarehe 27 Septemba 2024 Rwanda, ng'ambo ya Mto Kagera kwa anayetazama kutoka Kyerwa, ikatangaza mlipuko wake, na wengi wa waliougua kule walikuwa watumishi wa hospitali. Januari 20, 2025 ikawa zamu ya Biharamulo, ndani ya mkoa uleule.

Katika ugonjwa wa aina hiyo, kila aliyemgusa mgonjwa hufuatiliwa kwa siku 21, kuanzia siku ya mwisho aliyomgusa. Anayefanya kazi hiyo mara nyingi ni kijana, pengine aliyetoka chuoni jana, amebeba daftari na kipimajoto. Anauliza: "Mara ya mwisho ulimshika lini?" Anajibiwa: "Juzi." Ikiwa ni juzi ya kweli naye akaidhania ya wiki iliyopita, mtu ataachiwa siku zake hazijatimia, aende sokoni, apande basi. Msamiati wa kazi hiyo ni maneno ya msibani: ulimshika alipokuwa anaumwa au alipokuwa maiti? Siku ya mazishi, au kabla? Matanga yalianuliwa lini? Watu hawasahau siku ya mazishi.

Yapo maneno mengine ambayo ningeyapita haraka. "Umepata choo?" huulizwa kila asubuhi wodini, na wapo waliojibu kwamba ndiyo, wamekiona, kipo nyuma ya jengo. "Presha" inaweza kuwa ya kupanda, ya kushuka, au hofu ya mkopo wa kikundi. "Kifua" ni kikohozi, ni pumu, ni kifua kikuu, na pengine ni kifua. Kwa Kinyambo, enda ni tumbo na ni mimba pia, hivyo anayetafsiriwa na jirani aangalie kipi kati ya viwili kinauma. Aliyepangiwa Karagwe akitokea Tanga au Mbeya atafute msaada mapema. Mwanaisimu Josephat Rugemalira ameandika sarufi nzima ya lugha hiyo, iliyotoka mwaka 2005, na kwa istilahi za Kiswahili ipo Kamusi ya Tiba ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ya mwaka 2003. Sidhani kama nakala nyingi za vitabu hivyo zimefika kwenye makabati ya vyuo vyetu vya afya.

Moja silipiti haraka. Kiingereza cha kitabu cha ukunga kina neno moja kwa mambo mawili ambayo Kiswahili kimeyatenganisha kwa herufi chache: mimba kutoka, na kutoa mimba. La kwanza ni msiba. La pili ni kosa la jinai katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania. Mwanafunzi anachukua historia ya uzazi, amekariri neno la kitabu, analigeuza kwa haraka, na mbele ya mama mkwe aliyekaa kwenye benchi hilohilo anauliza: "Umewahi kutoa mimba?" Mwanamke aliyeharibikiwa na mimba mbili, aliyezilia usiku peke yake, ataitikia vipi? Atasema hapana. Kwenye kadi ya kliniki kutaandikwa sifuri. Miezi mitatu baadaye anakuja anatoka damu, na anayempokea anasoma kwamba hii ni mara yake ya kwanza. Kutojua kwa daktari kulianzia kwenye benchi, katika sauti moja iliyokosewa. Aulizwe hivi, tena akiwa peke yake: "Pole kwa kukuuliza, mama. Kuna mimba iliyowahi kukuharibikia?" Na ukimya unaofuata usijazwe na swali jingine.

Hapo utaona kwamba adabu ni sehemu ya msamiati, wala haikuwekwa kwa ajili ya mapambo. Kijana wa kisa chetu alimwamkia bibi vizuri, na bibi akamjibu kwa kirefu, hata redio akaitaja. Asiyeamkia hupewa majibu ya neno moja. Angepewa "jana" tu, na hapo tusingekuwa hata na njia ya kujua alikosea wapi.

Nimeacha dawa mwisho kwa kuwa huko ndiko saa hurudi tena, safari hii ikitoka kinywani mwa mhudumu kwenda kwa mgonjwa. Bahasha ya dawa huandikwa 1×3, na wanaoijua wanajua. Asiyeijua anaweza kuona hesabu ya kuzidisha na kumeza jawabu lake. Lakini mfano ulio bora ni dawa mseto ya malaria, ALu, iliyochukua nafasi ya dawa ya SP katika miaka ya 2006 na 2007. Dozi zake ni sita kwa siku tatu: ya kwanza mara moja, ya pili baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Ile ya pili ndiyo yenye miba. Mhudumu aliyechoka, foleni imefika mlangoni, husema: "Hii nyingine, saa nane." Mama aliyemnywesha mwanawe dozi ya kwanza saa nne asubuhi anakwenda nyumbani Kaisho, anatazama simu, na saa nane mchana inapogonga anampa ya pili. Zimepita saa nne tu. Ametii kila neno.

Walimu wa Kiswahili wametuchapa sana kwa kusema "masaa". Wingi wa saa ni saa, walitufundisha, na kwa kanuni za ngeli hawakukosea. Lakini dirisha la dawa lina haki zake. Huko "saa nane" ni wakati kwenye saa, "masaa nane" ni muda unaopita, na masikio ya watu yameshayatofautisha mawili hayo bila kumwomba mwalimu ruhusa. Kama mwanafunzi anaona haya kusema masaa, na aseme "baada ya saa nane kupita", akiitamka "baada" kwa uzito. Lililo salama kuliko yote ni kumtua mgonjwa mzigo wa hesabu kabisa: mhudumu amuulize mama dozi ya kwanza atampa mtoto saa ngapi, apige hesabu yeye mwenyewe pale dirishani, kisha aiandike kwenye boksi la dawa kwa kalamu nzito. Mama wa Kaisho aliyeanza saa nne asubuhi aandikiwe saa kumi na mbili jioni, na kabla hajaondoka aulizwe aseme yeye: "Haya mama, ya pili utampa lini?"